Mwaka Usio na Mpira

Juni, ligi za wenye fedha zikifunga mageti,
mkeka unabaki bila wa kuukalia.
Ndipo wanapokuja dirishani kwangu, Tandika,
na majina yasiyoenea mdomoni:
Klaksviki, Toshavni,
na B36, ambayo Shomari wa bodaboda
huitaja kama namba ya gari lililomgonga.

Ni Visiwa vya Faroe. Mimi natoa tiketi tu.
Sikuwahi kuuliza viko wapi
hadi Chambuso, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara,
alipoanza kuja na daftari.

Alianza kama wote: jero, timu nne, tamaa.
Mkeka ukachanika. Akaweka tena, ukachanika
kwa bao la dakika ya tisini na tatu,
la seremala, akaapa,
mtu aliyetoka kazini na vumbi la mbao nyweleni.
Akaona bora aijue ligi kabla haijammaliza.
Nyuma ya orodha ya wanaodaiwa soli na visigino
akachora mistari: mwaka, bingwa.
Arobaini na mbili, KI.
Arobaini na tatu, TB.

Alinisomea huku foleni ikimtukana:
"Nchi nzima, dada, watu elfu hamsini na kitu!
Wabebe wote, na vichanga vyao,
waketishe Uwanja wa Taifa,
na viti bado vitabaki
vya sisi kwenda kuwatazama."

Halafu ikaja arobaini na nne.
Alisimama pale, hakuweka hela, hakuondoka.
Mstari ulikuwa mtupu.
"Hawakucheza."
Vita? Ndiyo, vita. Mwingereza kawajazia askari,
huyohuyo aliyekuwa hapa akitutoza kodi ya kichwa.
Lakini si askari waliozuia.
"Mipira iliwaishia."

Akacheka mpaka Shomari akageuka.
Kisha kicheko kikamkatikia njiani, kama uzi mbovu.

Mwaka themanini na tatu, akasema,
sabuni ilikuwa hadithi,
mama anaweka jiwe kwenye foleni ya sukari limshikie nafasi.
Na sisi hapa Tandika, pale panapouzwa simu sasa:
soksi ya baba, nailoni, kamba ya katani.
Ukilowa unakuwa mzito kama fenesi,
ukiupiga kichwa unasahau jina lako.
Hatukuahirisha mechi hata moja.

"Wangetuuliza," akasema.
Nikamwambia, Fundi, arobaini na nne hukuwa umezaliwa.
"Wangemuuliza baba."

Wiki iliyofuata hakubeti.
Alileta kitu kimefungwa gazeti,
akakipitisha chini ya nondo za dirisha, kikakwama,
akakisukuma kwa kiganja.
Ngozi za viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua:
kipande cheusi cha shule, cha kahawia cha harusi,
kimoja chekundu, sijui cha nani,
mishono mifupi, imebana kama midomo ya mwenye siri.
Duara haikutimia.

"Niandikie KI kushinda."
Leo?
"Arobaini na nne."
Mashine haina mwaka huo. Nilijaribu, sisemi uongo,
ikanijibu kwa maandishi mekundu.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei,
akavuka barabara kurudi kwenye nyundo yake.

Basi upo hapa, juu ya kasha la fedha,
unaegemea upande wake mzito.
Saa moja usiku, giza limeshaingia Tandika,
kule kwao jua bado liko uwanjani,
namba zinabadilika kwenye kioo, mtu kafunga,
na mimi nauzuia kwa kiwiko
usidondoke.